Siku Tuliyowapikia Madiwani

Nitasema tangu mwanzo kwamba mambo yaliisha vizuri, maana mimi mwenyewe nikisoma habari za watoto na serikali huruka kwanza hadi ukurasa wa mwisho kuona kama kuna aliyekufa. Hapa hakufa mtu. Mtoto ninayemkusudia sasa ni dada mrefu kunipita, ana simu na kiburi chake, na tukikutana Bukoto, hapa Kampala, hunisalimu haraka haraka, kama watu wanavyomsalimu shangazi mwenye maneno mengi. Kila nikimwona hivyo namshukuru Mungu, kisha namkaripia kwa nini anapita bila kusimama.

Wakati ninaouzungumzia alikuwa hajatimiza miaka miwili, na mchana kutwa alikuwa amefungwa mguu kwenye meza ya kabichi.

Miaka ile vita vilikuwa vimekwisha, na serikali ilikuwa imeanza kuyashushia mabaraza ya chini madaraka na sehemu ya fedha. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na shirika dogo la kutetea watoto, vyumba viwili tu pale Bukoto, juu ya duka la magodoro. Kazi yetu ilikuwa kusoma bajeti, ya serikali kuu na ya mabaraza, tukimtafuta mtoto humo ndani. Mara nyingi hatukumpata. Tulikuta magari, mafuta ya magari, matengenezo ya magari, semina na chai ya semina. Mtoto akionekana, alikuwa amebanwa ndani ya kifungu kimoja pamoja na wazee, walemavu na sherehe za sikukuu. Basi tuliandika barua, tuliomba kusikilizwa, tulikaa kwenye mabenchi ya korido za watu, na tukirudi mikono mitupu tulianza upya wiki inayofuata.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mkenya, mtu wa kanisani kila Jumapili, aliyekuja Kampala kufanya uhasibu katika biashara ya mabati akaishia kwetu bila kujua vizuri ilikuwaje. Alikuwa mwepesi wa takwimu na mzito wa watu. Mimi ilikuwa kinyume. Nilitoka Makindye, katika nyumba ya Waswahili wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Baba alikuwa na duka mbele na darasa la Kurani nyuma. Nyumbani tulizungumza Kiswahili; nje nilijifunza kukimeza, kwa sababu katika Kampala ya utoto wangu mtu aliyesikika akikizungumza barabarani alidhaniwa askari au mwizi, na wengine hawakuona tofauti.

Karibu na Kalerwe kulikuwa na soko dogo ambalo sitalitaja, maana waliokuwepo bado wako na wana midomo. Lilikuwa na meza kama sitini, nyingi za wanawake, na nyuma yake mtaro wa maji machafu wenye kina cha mtu mzima. Wanawake wale walikuja na watoto wao wadogo kwa kuwa hawakuwa na pa kuwaacha. Wachanga walilala ndani ya maboksi chini ya meza. Wale walioanza kutembea ndio walikuwa mtihani. Kwa mtoto wa umri ule, huwezi kumgeukia mteja ukahesabu kabichi tatu ukamkuta pale pale. Kwa hiyo waliwafunga kwa kamba ya mgomba, mguu mmoja, kwenye ubao wa meza. Mara ya kwanza nilipoona niliwaka. Nilimwambia mama mmoja maneno ambayo sitayarudia. Aliniangalia, akasema kwa upole kwamba anafahamu namna nyingine ya kumzuia mtoto, lakini kwa namna hiyo watakaa njaa wote wawili.

Mama huyo ndiye muuza kabichi. Katika mvua za mwaka uliotangulia, kamba ya binti yake ilikuwa imelegea wakati mama anapanga gunia la mteja wa hoteli, na mtoto alikuwa ameingia mtaroni. Maji yalimbeba hatua kama ishirini. Muuza mkaa aliyekuwa upande wa chini alimdaka kwa gauni. Mtoto alitapika maji, akakohoa wiki mbili, akapona. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa anafunga mafundo mawili.

Tukaamua kwamba mwaka ule tusidai mambo makubwa. Tungedai banda moja. Bati juu, ukuta wa kufika kiunoni, mlango wenye komeo, choo cha watoto, bomba la maji, na walezi wawili wa kulipwa na baraza. Mkubwa wangu aliandika maombi kwa lugha ya bajeti mpaka yakapendeza. Barua ikapanda ngazi zote, muhuri wa kijiji, muhuri wa parokia, ambayo kwetu ni kata wala si ya kanisa, na ajabu ya Mungu banda letu likaingia kwenye rasimu ya bajeti ya divisheni, sehemu yetu ya jiji, kama kifungu kinachojitegemea. Sikulala kwa furaha. Kilichobaki kilikuwa kamati ya fedha ikipitishe na kukipeleka kwenye baraza zima kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Kikipita, banda lingeweza kuwa tayari kabla ya mvua za Septemba. Kisipopita, binti wa muuza kabichi angeikuta mvua ile akiwa kwenye kamba, naye sasa alikuwa ameanza kujua kufungua mafundo.

Kamati ilikuwa na kawaida yake: kifungu kipya hakipitishwi kabla wajumbe hawajaenda kuona kwa macho. Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, mzee mrefu mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Kiganda chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na Kiingereza alikiheshimu bila kukipenda. Aliposikia ninajua Kiswahili alifurahi kama amekutana na mtu wa kwao. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kimenyooka, kila kitu "iko". Akasema watakuja Jumanne, na mimi niwapelekee akina mama habari.

Niliwapelekea. Nilisimama katikati ya soko nikawaambia kwamba Jumanne tuna wageni wakubwa kutoka barazani, wanakuja kwa ajili ya watoto wetu. Walipiga vigelegele. Nikaondoka nimeridhika na kazi yangu. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Mama wa Kiganda akishaambiwa ana wageni, hakuna kitakachomzuia kufagia. Na sisi wa Makindye si bora kuliko wao. Mama yangu alikuwa akisikia hodi ya mgeni wa heshima anatuswaga watoto wote chumba cha nyuma, anatupa haluwa ili tunyamaze, na mgeni anaondoka akiamini kwamba nyumba ile haijawahi kuona uchafu tangu ijengwe. Kumpokea mgeni vibaya kwetu si uvivu, ni dhambi ndogo. Yote haya niliyajua. Nimelelewa ndani yake. Lakini siku ile niliyosema "wageni" sikukumbuka hata kidogo kwamba hawa wanakuja kuona shida, na kwamba mtu mwenye adabu zake hamwonyeshi mgeni shida.

Jumanne tulifika saa nne, madiwani sita, mkubwa wangu na mimi. Soko lilikuwa limebadilika. Meza zimefunikwa maturubai. Chini kumefagiwa na kunyunyiziwa maji, vumbi hakuna. Mikeka imetandikwa. Mtaro ule wa nyuma ulikuwa umefunikwa kwa mbao walizoazima kwa fundi seremala, na juu ya mbao wameweka matawi mabichi. Watoto wameogeshwa, wamepakwa mafuta, wamevalishwa nguo za sikukuu. Wengine waliokuwa na mafua au vidonda walikuwa wamepelekwa kwa bibi zao. Akina mama wote wamevaa busuti, magauni yale marefu ya Kiganda, mikanda imekaza, na madiwani walipokaribia walipiga magoti wakasalimia kwa zamu, taratibu, salamu ndefu ile ya kuulizana habari mpaka za mifugo.

Sasa niseme ukweli wangu. Sikushtuka. Nilivimba kichwa. Niliwaangalia wanawake wale nikajiona nimewalea mimi. Nilimnong'oneza mkubwa wangu kwamba ona, ona heshima, na yeye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukakaa mkekani. Chakula kikaja, matoke laini ndani ya majani ya mgomba, na kuku wa luwombo aliyepikwa amefungwa ndani ya jani lake na mchuzi wa karanga, kila mgeni na jani lake. Mkubwa wangu alikula mara mbili. Muuza kabichi alikaa karibu yetu, binti yake mapajani na gauni la manjano, na mtoto alilala usingizi mzito, mdomo wazi, hakuna aliyemwona akisimama wala kutambaa.

Mwenyekiti alisimama kushukuru. Alisema ametembea masoko mengi, na mengine hayatamaniki, lakini hapa ameona mfano. Akina mama wamejipanga, watoto wana afya. Aliwapongeza kwa moyo wote. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Ni kwenye gari ndipo nilipopata akili. Mwenyekiti aligeuka kiti cha mbele akaniambia, kwa furaha tele, kama mtu anayeniletea habari njema:

"Mimi naona na macho yangu. Watoto iko safi, mama iko karibu. Pesa iende mahali iko shida."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, gari na madiwani wote. Siku mbili baadaye kifungu chetu kikafutwa kwenye rasimu na fedha zikaelekezwa kwenye makalvati ya barabara. Hawakufanya ubaya wowote. Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya, maana wabaya nimewazoea.

Nilimfuata mwenyekiti ofisini kwake. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Nikamweleza kwamba siku ile haikuwa siku ya kawaida, kwamba akina mama walijiandaa. Akavua miwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka kusema akina mama wale ni waongo, kwamba wamemdanganya mzee wa watu mbele ya kamati yake. Nikisema ndiyo, nimewavunjia heshima watu walionikirimu. Nikisema hapana, nimekubali kwamba shida haipo. Nilikunywa chai yake nikaondoka, na njiani nilijitukana kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Mkubwa wangu alikuwa na dawa yake. Alisema bado kuna nafasi moja: kamati itakaa mara ya mwisho kuwasikiliza wananchi, na sisi twende na picha. Akanipa kamera ya ofisi. Nenda kesho bila taarifa, akasema, uwapige picha watoto walivyo, kamba, maboksi, mtaro, matope, picha kumi na mbili zinatosha. Dawa ile haikuwa na makosa, ukiisikia kwa mdomo.

Nilifika sokoni asubuhi, mvua ndogo imepita usiku. Mtaro ulikuwa wazi, mbao zimerudi kwa fundi. Muuza kabichi alikuwa anakata majani yaliyooza, binti yake chini, mguu kwenye kamba, uso umejaa tope na kitu ambacho nadhani kilikuwa nyanya. Nikatoa kamera. Sikuwahi hata kuinyanyua hadi jichoni. Yule mama alishuka chini akamfunika mtoto uso kwa leso yake, akabaki amechuchumaa vile, mgongo ameuelekeza kwangu. Wanawake wa meza za jirani wakaacha kupanga vitu.

Nikairudisha kamera mkobani. Nikavuta boksi nikakaa, na nikawaambia yote: kwamba banda limefutwa, kwamba limefutwa kwa sababu waliwapokea wageni vizuri mno, kwamba kosa ni langu kwa sababu niliwaambia wageni wanakuja na sikuwaambia wanakuja kuona nini. Nilitegemea wanitukane. Muuza mchicha mmoja alicheka, kicheko kisicho na furaha. Muuza kabichi alikasirika. Aliniuliza kama nilitaka wawapokee watu wa serikali na mavi ya watoto. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mama yangu angefanya hivyo. Nikasema hapana, mama yangu angefanya kama wao, tena angeongeza haluwa. Hapo akapoa kidogo.

Baadaye, akiosha uso wa mtoto kwa maji ya kopo, akasema nimpeleke yeye barazani. Picha haisemi, alisema. Picha itaonyesha uchafu wa mwanawe na watu watafikiri mama yake ndiye mchafu. Yeye ataeleza mwenyewe.

Siku ya kikao nilimngoja nje ya ofisi za baraza nikiomba dua moja tu, kwamba aje na nguo za sokoni. Aje na majani ya kabichi kwenye nywele, aje amebeba mtoto aliyechafuka, ili wale watu waone. Alikuja amevaa busuti ile ile ya siku ya wageni, viatu amepaka rangi, mtoto hana. Nilikasirika mpaka nikaogopa asije akaona. Nilimuuliza mtoto yuko wapi, akasema ameachwa na jirani. Nikamwambia ingefaa angekuja naye. Akarekebisha mkanda wake, akaniuliza kama tunaingia au hatuingii.

Ukumbi ulikuwa mdogo, feni moja, karani mmoja na faili zake. Watu wengi walikuwa wametangulia na madai yao, makaburi, takataka, mlinzi wa shule. Tulisubiri tangu saa tatu hadi karibu saa sita. Walipomwita, alikwenda mbele, akapiga magoti kwenye saruji, akawasalimia wajumbe wote mmoja mmoja, na mimi nikafumba macho kwa sababu niliona tunarudia pale pale. Kisha akasimama. Hakusubiri mtu wa kumtafsiria. Kiswahili alikuwa amejifunza mezani kwake, kwa Wakenya na Wakongo wanaonunua kwa magunia, na alimwangalia mwenyekiti peke yake.

"Muzee, siku ire mulikuja, sisi hatukuuza. Soko yote tulifunga. Mutoto alikuwa safi kwa sababu mimi nilimushika kutoka asubui mupaka mulienda. Nikimushika, siuzi. Nikiuza, simushiki. Sisi hatukudanganya. Mulikuja siku moja, mukaona siku ire moja."

Nilikuwa nimelitafuta jambo hilo kwa wiki nzima, katika takwimu, katika barua, kwenye kamera ya watu, na lilikuwa pale mbele ya macho yangu Jumanne ile: meza sitini zimefunikwa maturubai. Nilikaa mkekani nikala kuku, sikujiuliza hata mara moja kwa nini hakuna mtu anayeuza.

Mwenyekiti akamuuliza wale kuku walitoka wapi. Mama akasema walichanga. Mzee akamuuliza jioni ile, baada ya wageni kuondoka, walikula nini. Akajibu bila uchungu wowote, kama mtu aliyeulizwa bei, kwamba walikula kilichobaki. Mmoja wa madiwani waliokuwa nasi siku ile akaanza kuchunguza karatasi zake. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Na leo?" mwenyekiti akauliza. "Leo umefunga pia?"

"Leo pia siuzi, muzee."

"Mtoto iko wapi?"

Hapo kwa mara ya kwanza alisita. Aliniangalia mimi, halafu akamwangalia mzee.

"Jirani amemufunga kwa meza yake."

Mwenyekiti aliangalia saa ya ukutani. Akamgeukia karani, akasema kwa Kiswahili, na karani akalazimika kuelewa, kwamba kifungu cha banda kirudishwe kwenye rasimu sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote, mama huyu apate kwenda. Diwani mmoja alitaka kujua fedha zitatoka wapi. Akaambiwa zirudi zilikotoka, kwenye makalvati, na kama hazitoshi kalvati moja lisubiri. Wakabishana kidogo, kama dakika kumi. Muuza kabichi alisimama pale muda wote huo na mikono imeshikana mbele. Mwishowe wakakubaliana banda lijengwe lakini mlezi awe mmoja badala ya wawili. Karani akaandika. Mwenyekiti akamwambia mama kwamba anaweza kwenda, na alipopiga magoti kuaga, mzee aliinuka nusu kwenye kiti chake, jambo ambalo sijamwona akimfanyia mtu mwingine.

Kabla sijatoka aliniita. Akaniuliza kwa nini siku ile ofisini sikumwambia maneno yale. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuyajua. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hata yeye alikuwa pale, na alikula.

Baraza zima lilikaa wiki mbili baadaye, siku ya mwisho ya Mei. Nilikaa juu kwenye viti vya wageni nimeshika mkono wa mkubwa wangu, yeye wa kanisani na mimi wa msikitini, kila mtu akiomba kwake. Kifungu kilisomwa kwa sauti ya kuchoka, mikono ikanyooshwa, spika akasema kimepita, wakaingia kifungu cha magari ya taka. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nililia kwa pumzi ndefu ndefu, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo, na mkubwa wangu akaninunulia gonja, ndizi tamu ya kuchoma, kwa mama wa pembeni akanipa. Ndiyo siku niliyompenda mtu yule.

Sitaki kupamba. Mabati yalichelewa. Mkandarasi wa kwanza aliondoka na nondo. Bomba la maji lilikuja mwaka wa pili. Mlezi wa pili akina mama walimlipa wenyewe, kwa zamu. Lakini mwishoni mwa Agosti banda lilisimama, ukuta umepakwa chokaa, mlango una komeo lililowekwa juu pasipofikika na mkono wa mtoto, na mvua ya kwanza ya Septemba ilipoanguka ilianguka juu ya bati hilo na watoto kumi na saba walikuwa ndani wakipiga kelele kushindana nayo.

Siku ya kufungua nilikwenda mapema, nikakaa kwenye benchi pembeni nione. Muuza kabichi alikuja wa kwanza. Alimkabidhi mtoto kwa mlezi, akaeleza anachokula, anachokataa, jinsi anavyolia akiwa na usingizi na jinsi anavyolia akiwa na hasira. Akaondoka, akarudi kueleza tena. Saa mbili na nusu alikuja kuchungulia juu ya ukuta. Saa tatu alikuja. Saa tatu na nusu alikuja na kisingizio cha kuleta maziwa. Kila mara mtoto alikuwa anapanga vizibo vya soda mstari mrefu na hakumwangalia.

Saa nne hakuja. Saa tano ikafika, hakuja. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi mimi, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta amezungukwa na wateja, anabishana na Mkongo mmoja aliyetaka magunia matatu kwa bei ya mawili, na alikuwa anacheka, kichwa nyuma, kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka vile. Aliponiona uso ukambadilika. Kabichi aliyoshika ikamponyoka.

"Bambi, masikini mutoto," akasema. "Nimemusahau."

Alikuwa anataka kulia kwa aibu, tayari anavuka juu ya magunia akimbilie bandani. Nilimshika mkono. Nikamwambia mtoto amelala, nimemwacha amelala, mlezi amemfunika. Nikamwambia hilo la kusahau ndilo nililokuwa naliomba barazani mwaka mzima, ila sikujua namna ya kuliandika kwenye barua. Sijui kama alinielewa. Mkongo akauliza tena kama wanauziana au hawauziani. Yule mama akaangalia upande wa banda, akasimama kidogo, kisha akainama akaokota kabichi yake akamtajia bei.